Neno la Mkopo na Sarufi ya Mwenyeji: Maoni Kuhusu Sitari Katika Jazi na Muziki wa Pop

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Agosti 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, lilifanyika onyesho kubwa la muziki kwa ajili ya kuchangia wakimbizi wa Bangladesh. Waliolianzisha walikuwa Ravi Shankar, bingwa wa sitari kutoka India, na George Harrison, aliyekuwa mmoja wa wanamuziki wanne wa kundi la Beatles. Ravi Shankar alifungua onyesho akiwa pamoja na Ali Akbar Khan, mpigaji wa sarodi, na Alla Rakha, mpigaji wa tabla. Kwa muda mfupi walikaza na kulegeza nyuzi ili sauti za ala zao zipatane. Walipotua, ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi. Ravi Shankar aliwashukuru, akawaeleza kwa upole kwamba ikiwa wamefurahia ulinganishaji wa nyuzi kiasi hicho, basi anatumaini kwamba muziki wenyewe wataufurahia zaidi.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Mwandishi wa makala haya anakiona kuwa kina uzito zaidi ya huo. Umati ule ulikuwa na mapenzi makubwa kwa sitari, nao ulikuwa umekwisha kuisikia katika santuri nyingi kwa muda wa miaka sita. Hata hivyo, haukuweza kutambua mahali muziki unapoanzia. Ni kama mtu anayeipenda lugha fulani kwa dhati ya moyo, kisha akampigia makofi msemaji anayesafisha koo.

Swali linalozuka ni hili: je, katika miaka ile sitari ilikutana na muziki wa Magharibi, au ilionana nao tu? Watu huonana njiani wakapishana. Kukutana kunadai mazungumzo, na mazungumzo yanadai kwamba walau mmoja aijue lugha ya mwenzake. Maoni yetu ni kwamba taaluma yetu ya isimu ina kipimo kinachofaa kulijibu swali hili, nacho ni tofauti baina ya neno la mkopo na sarufi. Tutadai, aidha, kwamba mijadala mingi juu ya muziki mchanganyiko hukwama kwa sababu inachanganya masuala mawili yasiyo ndugu: suala la usafi na suala la haki. Mwishoni tutaeleza kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaosoma na kufundisha fasihi na muziki wa Waswahili.

2.0 Ala na Sarufi Yake

Yafaa tuanze na ala yenyewe. Jina sitari lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni nyuzi tatu. Mapokeo ya wanamuziki humpa heshima ya kuibuni Amir Khusrau, mshairi wa Delhi aliyefariki mwaka 1325. Watafiti wengi wa historia ya muziki huiweka asili yake baadaye sana, katika Delhi ya karne ya 18 chini ya dola ya Mughal. Vyovyote iwavyo, jina la Kiajemi na umbo la Kihindi vinatuonyesha kwamba ala hii ni zao la makutano tangu kuzaliwa kwake. Anayetaka kuilinda sitari isichanganyike na wageni amechelewa kwa karne kadhaa.

Sitari ya leo ina shingo ndefu na pana iliyounganishwa na kibuyu kikubwa. Juu ya shingo hufungwa vyuma vilivyopindwa kama upinde, takriban 20, vinavyoweza kusogezwa. Nyuzi kuu ni sita au saba. Chini yake hupita nyuzi nyingine nyembamba, kwa kawaida 11 hadi 13, ambazo aghalabu hazipigwi bali huitikia zenyewe pale sauti yake inapoguswa juu. Mpigaji huvaa ncha ya waya kidoleni, iitwayo mizrabu. Kwa mkono wa kushoto huuvuta uzi pembeni, na kwa mvuto huo hupata sauti kadhaa juu ya chuma kimoja, akiteleza kutoka sauti moja hadi nyingine kama afanyavyo mwimbaji.

Lakini maelezo haya ni ya ala tu. Muziki unaopigwa kwa ala hiyo una sarufi yake, na nguzo zake mbili ni raga na tala. Wengi hudhani kwamba raga ni orodha ya sauti zinazoruhusiwa. Dhana hiyo ni pungufu. Raga ina njia yake ya kupanda na ya kushuka, ina sauti zake za kifalme na za kitumwa, ina vifungu vinavyoitambulisha, na mara nyingi ina saa yake ya mchana au usiku. Mfano ulio wazi ni Bhupali na Deshkar. Raga hizi mbili hutumia sauti tano zile zile. Hata hivyo, msikilizaji aliyefunzwa hawezi kuzichanganya, kwa kuwa mkazo wa kila moja huangukia sauti tofauti. Tena, moja ni ya jioni na nyingine ni ya asubuhi. Tala nayo ni mzunguko wa mapigo. Ulio maarufu zaidi ni tintali yenye mapigo 16, ambamo wapigaji hutawanyika na kurudi kukutana katika pigo la kwanza.

Jambo la tatu ni la kimsingi kwa hoja yetu. Katika muziki huu sauti ya shina huvuma tangu mwanzo hadi mwisho, nayo aghalabu hushikiliwa na ala iitwayo tambura. Lahani yote hupimwa kwa mvumo huo usiobadilika. Nyimbo nyingi za pop za Magharibi, kwa upande mwingine, hujengwa juu ya mafungu ya sauti zinazopigwa pamoja, na fungu moja hupisha jingine kila baada ya mapigo machache. Muziki mmoja husafiri kwa kuhamisha ardhi iliyo chini ya lahani; mwingine hukaa juu ya ardhi moja na kuichimba. Hizi ni sarufi mbili, na hakuna inayoweza kuitwa duni.

3.0 Neno Bila Sarufi

Mwaka 1965 sauti ya sitari ilianza kutafutwa na vijana wa Uingereza. Kundi la Yardbirds lilimwita mpigaji wa sitari studio kwa ajili ya wimbo "Heart Full of Soul", lakini katika santuri iliyotolewa nafasi yake ilishikwa na gita la Jeff Beck lililoiga sauti hiyo. Mwaka huo huo kundi la Kinks lilitoa "See My Friends", ambamo magita yanaiga mvumo wa Kihindi. George Harrison aliiona sitari kwa karibu wakati wa kupiga filamu iitwayo "Help!", ambamo wamo wanamuziki wa Kihindi katika mandhari ya mkahawa. Alijinunulia sitari mjini London, na mnamo Oktoba 1965 akaipiga katika wimbo "Norwegian Wood". Mwaka 1966 Brian Jones wa kundi la Rolling Stones aliitumia katika "Paint It Black", wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani.

Tuuchunguze wimbo "Norwegian Wood" kwa kipimo chetu. Ni wimbo wa masimulizi ya Kiingereza unaoongozwa na gita. Sitari inaifuata lahani ile ile ya gita na kuipa rangi. Haina alapu, yaani ule utangulizi wa taratibu usio na ngoma ambamo raga hufunuliwa sauti baada ya sauti. Haina raga wala tala. Kwa ufupi, sitari hapa ni neno la mkopo lililotiwa katika sentensi ya lugha nyingine.

Je, hilo ni kosa? La hasha. Kiswahili kilichukua neno gari kutoka Kihindi, kikaliingiza katika ngeli yake, kikasema gari hili na magari haya. Hakuna anayedai kwamba Mswahili anayesema gari anazungumza Kihindi, wala hakuna anayedai kwamba amekiharibu Kihindi. Utohozi ni haki ya kila lugha iliyo hai. Vivyo hivyo, mwanamuziki wa pop ana haki ya kuitohoa sauti ya sitari. Wimbo wake upimwe kwa sarufi ya mwenyeji: je, ni wimbo mzuri wa pop? Kosa lilikuwa la wahakiki na wafanyabiashara waliolisikia neno moja wakatangaza kwamba India nzima imeingia studio.

Kosa hilo lilifikia kilele mwaka 1967 ilipoingia sokoni ala iliyoitwa sitari ya umeme, yenye alama ya Coral. Kwa kweli ilikuwa gita lililowekewa kibao maalumu cha kupitishia nyuzi ili litoe mlio wa kuvumisha kama wa sitari. Mpiga gita hakuhitaji kujifunza chochote kipya. Hapo sauti ilikuwa imetengwa kabisa na ala, na ala ikiwa imetengwa na mafunzo. Yeyote angeweza kutamka neno hilo bila kujua limetoka wapi.

Haki inadai tuseme kwamba Harrison mwenyewe hakuridhika na neno moja. Alikutana na Ravi Shankar mwezi Juni 1966 na mwezi Septemba akasafiri kwenda India kujifunza. Wimbo wake "Love You To" wa mwaka huo unafunguliwa kwa kitu kinachokaribia alapu, kisha tabla inaingia. Katika "Within You Without You" wa mwaka 1967, wapigaji fidla na cello wa London waliandikiwa na George Martin sehemu zinazofuata miteremko ya dilruba, ala ya Kihindi ipigwayo kwa upinde. Hapa si sitari inayotohoolewa. Ni fidla za Kizungu zinazojaribu kutamka kwa lafudhi ya Kihindi. Ni hatua kubwa mno katika muda wa miaka miwili. Baadaye, mnamo mwaka 1968, Harrison alitambua kwamba asingeweza kuwa mpigaji bora wa sitari, akalirudia gita lake. Utambuzi huo ni ushahidi kwamba alikuwa amekwisha kuifahamu sarufi kiasi cha kujua ukubwa wake. Ravi Shankar, mzaliwa wa mwaka 1920 aliyepelekwa Paris utotoni katika kundi la ngoma la kaka yake Uday, aliacha maisha ya anasa ya Ulaya ili akae kijijini Maihar kwa guru Allauddin Khan tangu mwaka 1938, akajifunza kwa miaka kadhaa, kwa saa nyingi kila siku. Hilo haliwezi kufidiwa na safari ya majuma sita.

4.0 Sarufi Bila Neno

Kabla ya kuendelea na jazi ni lazima tufafanue istilahi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, neno jazi hukumbusha bendi za muziki wa dansi kama vile Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, ambazo zilipiga zaidi rumba na mitindo ya dansi kuliko jazi ya Wamarekani weusi. Neno lilisafiri likabadili maana. Huo ni mfano mwingine, kutoka nyumbani kwetu, wa neno lililochukuliwa likatumikia sarufi ya mwenyeji. Katika makala haya jazi ina maana ya ule muziki uliozaliwa na watu wenye asili ya Afrika nchini Marekani, na ambao uti wa mgongo wake ni utunzi wa papo kwa papo.

Utunzi huo wa papo kwa papo ndio uliofanya jazi na muziki wa raga viweze kuelewana. Mwanajazi na mpigaji sitari wote wawili hupewa kanuni, kisha hutakiwa kutunga mbele ya hadhira bila kuzivunja. Kilichowatenga ni yale mafungu ya sauti yanayobadilika upesi. Mwaka 1959 Miles Davis, katika santuri iitwayo "Kind of Blue", aliyapunguza mabadiliko hayo na kuwaacha wapigaji wakae juu ya mpangilio mmoja wa sauti kwa muda mrefu. Mlango ukawa umefunguliwa. Mwezi Novemba 1961 John Coltrane, aliyekuwa amepiga saksafoni katika santuri hiyo, alirekodi kipande alichokiita "India" katika klabu ya Village Vanguard mjini New York. Aliwatumia wapigaji besi wawili ili kupata mvumo usiobadilika, na juu ya mvumo huo akapanda na kushuka kwa muda mrefu. Hakuna sitari katika kipande hicho. Coltrane alimsikiliza Ravi Shankar kwa makini, akaonana naye, na mwanawe aliyezaliwa mwaka 1965 akampa jina la Ravi. Alifariki Julai 1967 kabla ya kupata nafasi ya kujifunza kwa kina kama alivyokusudia.

Wapo wanaoweza kusema kwamba Coltrane naye hakupiga raga, na watakuwa wamesema kweli. Mapigo ya ngoma katika "India" ni ya jazi tupu, na hakuna tala. Lakini alichokikopa ni kanuni ya ujenzi, yaani mvumo na uchimbaji wa ardhi moja, akaiingiza katika sarufi yake hadi sarufi hiyo ikapanuka. Mwanaisimu anajua kwamba lugha hukopa maneno kwa wepesi, ila hukopa miundo kwa shida na baada ya mahusiano ya muda mrefu. Kwa sababu hiyo tunadiriki kusema kwamba "India", isiyo na sitari, iko karibu zaidi na sitari kuliko nyimbo nyingi zilizo nayo.

Hatua ya tatu ni ile ya uwililugha. Mjini London, John Mayer, mpigaji fidla na mtunzi mzaliwa wa Calcutta, alishirikiana na Joe Harriott, mpigaji saksafoni kutoka Jamaika. Waliunda kundi la wanamuziki kumi, watano wa jazi na watano wa ala za Kihindi, sitari ikiwa mojawapo. Santuri zao "Indo-Jazz Suite" na "Indo-Jazz Fusions" zilitoka miaka ya 1966 na 1967. Kwa maoni yetu, katika kazi hizo lugha mbili mara nyingi husemwa kwa zamu: Wahindi wanasema, wanajazi wanajibu. Ni mazungumzo kwa msaada wa mkalimani, na mkalimani ni Mayer aliyezijua sarufi zote mbili. Tukumbuke pia kwamba makutano haya tunayoyaita ya Mashariki na Magharibi yalikuwa makutano ya Calcutta na Kingston, wahamiaji wawili kutoka makoloni wakiwa katika mji wa mtawala. Istilahi Magharibi inaficha mambo mengi kuliko inayoyafichua.

Uwililugha kamili ulionekana katika kundi la Shakti, lililorekodi kati ya mwaka 1975 na 1977. John McLaughlin, mpiga gita Mwingereza aliyewahi kupiga na Miles Davis, alikuwa amejifunza vina, ala ya kale ya Kihindi, chini ya Dakta S. Ramanathan katika Chuo Kikuu cha Wesleyan. Alitengenezewa gita lenye nyuzi za mwitikio, kama zile za sitari, na ubao wa vidole uliochimbwa ili aweze kuuvuta uzi. Wenzake walikuwa L. Shankar wa fidla, Zakir Hussain wa tabla na Vikku Vinayakram wa ghatamu, yaani chungu kinachopigwa kwa mikono. Zakir alitoka katika mapokeo ya kaskazini ya India, na L. Shankar na Vinayakram katika yale ya kusini, hata makutano yakawa yanatendeka ndani ya India yenyewe. Wote wanne waliweza kufuata mizunguko ile ile ya mapigo na kurudi pamoja katika pigo la kwanza bila mkalimani. Kundi hilo baadaye lilihuishwa, na santuri yao ya mwaka 2023, "This Moment", ilipata tuzo ya Grammy Februari 2024, miezi michache kabla Zakir Hussain hajafariki Desemba mwaka huo.

5.0 Usafi na Haki

Lawama dhidi ya michanganyiko hii zilitoka pande mbili. Nchini India, Ravi Shankar alilaumiwa kwamba ameuuza urithi kwa vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu. Baadhi ya wahakiki wa sasa wa Magharibi, kwa upande wao, huwalaumu vijana hao kwa wizi wa utamaduni. Lawama zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini zinatumia kipimo kimoja kwa mambo mawili.

Kwa kipimo cha usafi, kesi haina msingi. Tumekwisha kuona kwamba sitari yenyewe ni chotara. Guru Allauddin Khan, aliyeheshimiwa kama mlinzi wa mapokeo, alijifunza fidla na klarineti za Kizungu alipokuwa kijana mjini Calcutta, na huko Maihar aliunda bendi iliyochanganya ala za Kihindi na za Ulaya. Ravi Shankar aliziingiza katika muziki wa kaskazini baadhi ya raga za kusini. Alipiga pamoja na Yehudi Menuhin katika tamasha la Bath mwaka 1966, na mwaka 1971 akarekodi na Okestra ya Simfoni ya London tungo aliyoiandikia sitari na okestra. Kama usafi ndio sharti, basi walinzi wa usafi ndio wa kwanza kushtakiwa.

Kwa kipimo cha haki, hali ni nyingine. Wanamuziki wa Kihindi waliopiga katika "Within You Without You" hawakutajwa majina kwenye jalada la santuri iliyouzwa kwa mamilioni. Katika "Love You To" alitajwa mpigaji tabla peke yake, Anil Bhagwat. Hapa pana deni halisi. Ravi Shankar mwenyewe alilalamika mara nyingi kwamba muziki wake ulihusishwa na ulevi wa dawa, hali yeye ameufunzwa kama ibada. Katika tamasha la Monterey la mwaka 1967, ambako alipiga kwa zaidi ya saa tatu na kushangiliwa mno, aliudhika kumwona Jimi Hendrix akiichoma moto gita yake, kwani katika mapokeo aliyolelewa ala huheshimiwa kama kitu kitakatifu.

Mpinzani wetu anaweza kuuliza: je, mkopo baina ya mtawala na mtawaliwa unaweza kulinganishwa na mkopo baina ya walio sawa? Kiswahili kilipochukua neno gari hakikuwa na jeshi wala kampuni ya santuri. Hoja hii ni nzito, na inaonyesha mpaka wa ulinganisho wetu. Lakini tukiipima vizuri, inatusukuma kwenye suala la haki na si la usafi. Ukosefu wa usawa hauponywi kwa kila mtu kubaki na ala ya babu yake. Huponywa kwa mkopaji kumtaja mkopeshaji, kumlipa, na kukubali kuwa mwanafunzi pale anapodai kwamba amejifunza. Kwa kipimo hicho Harrison, aliyemtangaza mwalimu wake, akaandaa naye onyesho la mwaka 1971 na kumtayarishia santuri hadi ile ya "Chants of India" ya mwaka 1997, anatoka na sifa. Wenye kiwanda cha sitari ya umeme waliuza mlio bila mwalimu.

6.0 Linalotuhusu Sisi

Msomaji ana haki ya kuuliza haya yote yanafanya nini katika jarida la Kiswahili. Jibu ni kwamba kosa la hadhira ya New York tunalitenda sisi wenyewe, kwa kalamu. Katika tahakiki za taarabu ya Mombasa na Unguja hurudiwa sentensi moja: taarabu imeathiriwa na muziki wa Kihindi. Sentensi hiyo ina kitenzi cha kutendwa na haina mtenda. Humfanya mwanamuziki wa Kiswahili aonekane kama ukuta uliorushiwa rangi.

Tumchukue marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014 na ambaye alijulikana sana kwa taarabu yenye mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Alichukua lahani, akazitilia mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, kwa mada za mapenzi, wasia na mafumbo ambazo hadhira yake ilizifahamu. Mwenyeji ndiye aliyeamua. Lahani iliingizwa katika sarufi ya ushairi wa Kiswahili kama gari lilivyoingizwa katika ngeli. Isitoshe, hicho tunachokiita Kihindi kilikuwa kimekwisha kuchanganyika kabla hakijavuka bahari, kwa kuwa okestra za filamu za Bombay zilikuwa na safu za fidla, na miongoni mwa wapangaji wake wa muziki walikuwemo Wagoa waliowahi kupiga jazi katika mahoteli ya mji huo. Kwa hiyo sitari iliyosikika katika filamu pale Mombasa ilikuwa imekwisha kukutana na jazi nyumbani kwake.

Lakini kipimo cha haki nacho kinatudai. Tunapowashutumu vijana wa London kwa kutowataja wapigaji wa dilruba, ni mara ngapi sisi, katika tasnifu zetu, tumeuandika wimbo wa taarabu wenye lahani ya filamu na kumtaja mtunzi wa lahani hiyo? Tunaandika Kihindi kana kwamba bara zima limetunga wimbo mmoja. Mtunzi alikuwa na jina. Kulitafuta ni kazi ya utafiti, na kazi hiyo ni yetu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba makutano ya sitari na muziki wa Magharibi yalikuwa ya ngazi tatu: kukopa neno, kukopa kanuni ya sarufi, na uwililugha. Ngazi ya kwanza ni halali ilimradi isijidai kuwa ya tatu. Tumesema pia kwamba usafi ni kipimo kibovu, na kwamba haki ni kipimo kisichoepukika.

Ulinganisho wa muziki na lugha una mipaka yake. Raga haielezi habari kama sentensi ielezavyo, na mtu anaweza kuguswa na alapu bila kujua kanuni hata moja. Hatukusudii kuwanyang'anya watu wa Madison Square Garden furaha yao. Tunachosema ni kwamba msomi haruhusiwi kusimama pale walipoishia wao.

Tunapendekeza, basi, kwamba mwanafunzi anayeandika juu ya muziki au fasihi yoyote iliyochanganyika aulizwe maswali matatu kabla tasnifu yake haijapokewa: Kilichochukuliwa ni neno au ni kanuni? Kimetumika kwa sarufi ya nani? Na aliyekitoa ametajwa kwa jina? Asipoweza kuyajibu, kitenzi kuathiriwa kifutwe, na arudi maktabani au kwa wazee wa muziki hadi atakapompata mtenda.